Damu Yenye Mistari Miwili

Majirani zetu wa Ngarenaro walikuwa na jibu lao tayari: bibi mzaa mama ndiye anayemla yule mtoto. Mtoto wa mama mdogo, miaka minne, macho ya njano, mifupa inamuuma usiku kucha. Bibi akaanza kula peke yake chumbani.

Hospitali wakachukua damu kidogo tu, wakaiweka kwenye jeli, wakapitisha umeme. Karatasi ikarudi imeandikwa SS. Selimundu.

Mimi kijana wa kidato cha nne, mwenye ndoto ya kuandika riwaya, nikataka kujua umeme umeijuaje siri ya ukoo wetu. Kumbe kila protini ina chaji yake, na ikitiwa kwenye umeme hukimbia kwa mwendo wake. Msweden Arne Tiselius alitangaza mtambo wa kazi hiyo mwaka 1937. Mwaka 1949, kule California, Linus Pauling na wenzake wakaikimbiza hemoglobini: ya mgonjwa ikaenda tofauti na ya mzima, na ya mtu anayebeba tu ugonjwa ikagawanyika mara mbili. Ndipo watu wakaelewa kwamba ugonjwa mzima unaweza kukaa ndani ya molekuli moja. Mwaka 1956 Vernon Ingram, Cambridge, akaikatakata hemoglobini hiyo na kuitandaza kwenye karatasi, umeme upande huu, kemikali upande ule. Doa moja tu lilihama. Mwaka uliofuata akalitaja: asidi ya glutamiki imetoka, valini imeingia. Kitu kimoja, jamani! Kama mpiga chapa anayekosea herufi moja, baba akawa bata.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu huko. Wabebaji walikuwa tele pwani na kando ya Ziwa Victoria. Milimani, karibu hakuna. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba kuubeba nusu kunamkinga mtu na malaria. Sasa sisi asili yetu ni Musoma, ziwani. Huku chini ya Mlima Meru kuna baridi, mbu wachache, na ugonjwa wenyewe watu hawaujui. Wakiuona wanatafuta mchawi.

Ile karatasi mama mdogo ameibandika sebuleni, wageni waione. Bibi amerudi kula nasi. Jirani mmoja mpaka leo hamwamkii.

Mchumba wangu ni mtu wa Pangani. Jumatatu tunakwenda wote kupima.