Prosesa Haitoki Tena

Kuna kazi moja ya ufundi iliyokwisha hapa Bukavu, na sijasikia mtu akiililia. Kwa miaka kadhaa sisi wenye meza ndogo za kutengeneza kompyuta upande wa Nyawera tuliifanya, ikatupa sifa kuliko faida. Mteja analeta laptopu inayojikokota, unaifungua, unatoa prosesa, unaweka kubwa zaidi, naye anaondoka akijiona amenunua masini mpya. Siku hizi nikiambiwa nibadilishe prosesa huwa nimekwisha kujibu kabla sijaigeuza laptopu kutazama jina lake.

Enzi ile ilikuwa ya Core 2 Duo. Laptopu za okazyo zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya ziliingia kwa mafungu kupitia Dubai na Kampala, zikavuka daraja la Ruzizi kutoka Kamembe zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Prosesa yake haikugandishwa kwenye bodi. Ilikaa kwenye soketi, ile ya Intel ya mwaka 2007 yenye matundu 478. Pembeni yake pana skrubu moja bapa: unaizungusha kidogo kwa bisibisi, prosesa inalegea, unainyanyua kwa kucha. Pembe yake moja ina kialama cha pembetatu cha rangi ya dhahabu. Unakioanisha na alama ya kwenye soketi, kisha unaiacha prosesa ishuke kwa uzito wake yenyewe. Anayeisukuma anapinda miguu, na mguu uliopinda unanyooshwa kwa ncha ya wembe, taa karibu na jicho, mtu asikusemeshe.

Badiliko tulilolipenda kuliko yote lilikuwa kutoa P8400 na kuweka T9600. Ya kwanza ina kasi ya gigahezi 2.26, ya pili 2.8, na zote mbili zinakaa kwenye soketi moja. Kwa macho ya mteja hiyo ilikuwa hesabu tosha. Lakini karatasi ya Intel ilikuwa na tarakimu nyingine ambazo hakuna aliyeziuliza: P8400 imepangiwa wati 25, T9600 wati 35. Wati 10 za nyongeza lazima zipate pa kutokea, na pa kutokea ni tundu lile lile la ubavuni, kwa feni ile ile na bomba lile lile la shaba.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwenye sekretariati karibu na chuo cha ISP, vile vyumba vya kuchapia ambako mwanafunzi analeta kazi yake ya kumaliza masomo, TFC au memwari, imeandikwa kwa mkono. Masini yake ilikuwa imekwisha kuwekewa T9600 na fundi mwingine.

“Fundi,” aliniambia, “iyi masini asubuhi inakimbia. Saa sita inalala. Saa nane inajizima, na kazi ya watoto wa watu iko ndani.”

“Mama, unaiweka wapi ukichapa?”

“Mezani. Usiku ninaenda nayo kitandani, juu moto unarudi usiku.”

Hapo palikuwa na nusu ya ugonjwa. Bukavu inakula umeme, au moto kama tunavyouita, wa mto Ruzizi, wa bwawa la kwanza lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umefurika tangu hapo, kwa hiyo mtaa unapata umeme kwa zamu, na zamu ikiangukia saa nne za usiku watu wanafanya kazi usiku huo huo, kitandani, laptopu juu ya blanketi. Feni ya laptopu nyingi inavuta hewa kutoka chini. Blanketi linaziba.

Nusu nyingine niliiona nilipotoa feni. Kati ya feni na mapezi ya redieta palikuwa na tandiko la vumbi na nyuzi za blanketi, limeshikana kiasi cha kubanduka zima kwa kibano. Tandiko hilo hukaa upande wa ndani, mahali ambapo mtu anayepuliza kutoka nje halifikii; akipuliza analisukuma lirudi kwenye feni. Ndiyo maana vijana waliokuwa wakipuliza kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli walimrudishia mteja laptopu ikiwa na kelele mpya na joto lile lile. Chini ya kipoozi, grisi ya kupitisha joto ilikuwa imekauka na kuwa unga wa kijivu.

Prosesa hizo mbili zimepangiwa kikomo cha nyuzijoto 105 za Selsiasi. Zikikifikia zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda masini inazimika ghafla. Yule mama, kwa maneno mengine, alikuwa amelipia gigahezi 2.8, na ikifika mchana anapata chini ya zile za prosesa aliyoitoa. Nilifuta grisi kuukuu kwa alkoli ya duka la dawa, nikasugua mapezi kwa mswaki, nikaweka grisi mpya kiasi cha punje ya mchele. Masini ikachapa hadi jioni bila kuzimika. Tangu siku hiyo, kila aliyeniomba prosesa kubwa nilimsafishia kwanza, nikamwambia akae nayo siku chache kabla hatujazungumza bei ya prosesa. Wengi hawakurudi kuizungumza.

Wageni wanashangaa laptopu zichemke katika mji wa baridi kama huu. Kweli mji wetu una baridi, lakini uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Feni inazunguka vile vile, ila kila mzunguko unabeba hewa pungufu, na hewa ndiyo inayochukua joto. Baridi ya asubuhi inafidia. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hakifidii kitu: vumbi jekundu la Kadutu na Panzi linaingia hadi kwenye kabati lililofungwa, na miezi hiyo hiyo ndiyo wanafunzi wanapokimbilia kutetea kazi zao.

Nimejifunza kuliheshimu bomba la shaba. Watu wanadhani ni fimbo ya chuma iliyopakwa rangi. Ndani yake ni wazi, hewa imetolewa, na kumebaki maji kidogo. Hapa kwetu maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, lakini ndani ya bomba, kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, yanageuka mvuke kwenye joto la chini zaidi. Mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanatambaa kwenye kuta za bomba hadi kwenye prosesa. Fundi anayelikunja bomba apate nafasi ya waya wake amelikaba. Mwingine anapaka dawa ya meno badala ya grisi, na inafanya kazi vizuri ajabu kwa sababu ina maji. Maji yakikauka, mteja anarudi na matusi.

Kabla ya kufikiria prosesa nyingine tulikuwa pia na njia ya kupunguza volti. Joto la prosesa linapanda na kushuka kwa mraba wa volti yake, kwa hiyo ukiipunguzia kidogo unavuna kingi bila kupoteza kasi. Programu ya RMClock ilitufanyia hivyo kwenye Core 2, baadaye ThrottleStop. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote, kwani haikuhitaji kipuri kutoka Kigali wala Dubai. Kisha Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio walilolipa jina la Plundervolt, wakaonyesha kwamba kuchezea volti kunaweza kutumika kupenya mahali pa siri ndani ya prosesa za Intel. Masini nyingi zikasasishwa na mlango ukafungwa. Sina ugomvi na usalama, ila mwanafunzi wa Bagira hakuwa na siri ya kuibiwa kwa njia hiyo. Alikuwa na laptopu ya moto.

Soketi yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka. Kizazi cha Haswell cha mwaka 2013 ndicho cha mwisho ambacho Intel ilikitolea prosesa za laptopu za kuchomoa; kilichofuata kiligandishwa kwenye bodi kwa bati. Nalo bati, tangu sheria ya Ulaya inayozuia risasi katika vifaa vya umeme ianze kutumika tarehe 1 Julai 2006, linayeyuka karibu na nyuzijoto 217 badala ya 183 za zamani, jambo ambalo chuma cha kuchomea cha mezani hakiwezi chini ya prosesa nzima. Huwa nacheka peke yangu. Madini ya bati yanachimbwa hapa hapa Kalehe, kule Nyabibwe, yanashuka milimani kwa migongo ya watu, na yakiturudia ndiyo yanayotukataza kutoa prosesa.

Kwa haki, prosesa za wati 15 zilizokuja baadaye zina joto dogo, na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD kunamfurahisha mteja kuliko T9600 ilivyowahi kumfurahisha yeyote. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na benki zikafunga milango, watu wananunua kwa nadra zaidi na kutunza walichonacho. Kwa hiyo kazi ipo. Kwenye Windows ninashusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99, turbo, ile kasi ya ziada, inazimika na joto linashuka. Chini ya pembe za laptopu ninagundisha vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite. Wanaocheka vifuniko hivyo huwa hawajawahi kuipima laptopu yao.

Juzi alikuja kijana wa chuo kikuu cha UOB, memwari imebaki sura moja.

“Yaya, uniwekee i7.”

“Mdogo wangu, hii haitoki. Imegandishwa.”

“Sasa utanitengenezea nini?”

“Nitaisafisha, nitaiwekea grisi mpya.”

“Kusafisha tu, dola kumi?”

“Tano za kuifungua, tano za kuifunga.”

Akatoa tano. Zingine, alisema, baada ya kutetea.