Chunga mkono uliomshika kuku

Katika nyumba nyingi za mjini Jumapili haijawa Jumapili mpaka harufu ya kuku itoke jikoni. Hata yule mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja na kupikia kwenye mtungi mdogo wa gesi hujinyima juma zima ili siku hiyo anunue robo kuku. Mgeni akija, ni kuku. Mtoto akipita mtihani, ni kuku. Mkwe akibisha hodi, basi hata jogoo anayetuamsha alfajiri hana maisha. Kwa hivyo nikianza kuzungumza juu ya kuku, usidhani nataka kukuharibia mlo. Nataka ule ushibe, na Jumatano ikifika watoto wako wawe shuleni wala si kwenye foleni ya zahanati.

Nimeitaja Jumatano makusudi. Viini vinavyopatikana sana kwa kuku mbichi ni salmonela na kampilobakta. Viini hivi hukaa matumboni mwa kuku bila kumwonyesha dalili yoyote. Utamwona anadonoa na kuwika kama kawaida. Anapochinjwa na kutolewa matumbo, huhamia kwenye ngozi na nyama. Vikimwingia mtu, salmonela huanza kumsumbua kati ya muda wa saa 6 na siku 6, na kampilobakta kati ya siku 2 na 5. Ndiyo maana kuku halaumiwi. Mtoto akianza kuendesha Jumatano, mama hukumbuka maandazi ya jana au maji ya shuleni. Ni nani atakayeikumbuka kachumbari ya Jumapili?

Naam, nimesema kachumbari, sikusema kuku. Kuku akiiva sawasawa, viini hivi hufa. Joto likifika nyuzi 74 katikati ya nyama, huna la kuogopa. Wengi wetu hatuna kipimajoto cha jikoni, lakini twaweza kuhakikisha kwamba paja limeiva hadi mfupani, pasibaki wekundu wala damu, na mchuzi unachemka kwelikweli. Desturi yetu ya kumchemsha kuku kwanza kisha kumkaanga yatufaa sana kwa jambo hili.

Basi anayetudhuru mara nyingi si kuku aliye ndani ya sufuria. Ni mkono uliomshika kabla hajaingia humo, kisu kilichomkata, ubao aliolazwa na maji aliyooshwa nayo. Nyanya, vitunguu na dhania za kachumbari hazipiti motoni. Kiini kikishazifikia, safari yake ni moja tu, hadi mdomoni.

Hapa naomba univumilie, kwa maana nagusa desturi. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba mpishi nadhifu ni yule anayemwosha kuku mara tatu chini ya mfereji, kwa chumvi, kwa ndimu au kwa siki. Wataalamu wanasema tuache. Mwaka 2014 shirika la serikali ya Uingereza linalosimamia usalama wa vyakula liliwasihi wananchi wasioshe kuku mbichi, kwa sababu matone ya maji yaweza kuruka zaidi ya sentimita 50 kila upande. Hebu pima umbali huo jikoni mwako. Utakuta ni pale vikombe vinapokaushwa, na pale bakuli la mtoto linapofunikwa. Ndimu na siki huondoa harufu, lakini haziwezi kutegemewa kuua viini.

Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Watu walitazamwa wakipika kuku na kutayarisha saladi. Kati ya waliomwosha kuku, asilimia 60 waliacha viini kwenye sinki, na asilimia 14 bado walikuwa navyo humo hata baada ya kulisafisha. Asilimia 26 ya waoshaji hao walipeleka viini kwenye saladi. Utasema basi dawa imepatikana, tusioshe. Pole pole! Kati ya wale ambao hawakuosha kabisa, asilimia 31 pia walikutwa na viini kwenye saladi. Kwa nini? Kwa sababu hawakunawa mikono ipasavyo, na vyombo vyao vilikuwa vimechafuka. Kumbe kuacha kuosha kuku ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni mkono.

Shangazi yangu alipoyasikia haya alinicheka. Alikuwa ametoka Kakamega kuja kututembelea hapa Nairobi, na jogoo wa kienyeji kikapuni, kama afanyavyo mtu anayejua heshima. Jogoo akachinjwa nje, akachovywa katika maji moto, akanyonyolewa, kisha shangazi akambeba kuelekea kwenye sinki.

"Shangazi," nikamwambia, "tafadhali tusimwoshee hapo."

Akanitazama. "Kwa hivyo mwanangu, leo tutakula manyoya na damu? Hayo ndiyo mliyosomeshwa?"

Wewe msomaji ungemjibu nini? Ukweli ni kwamba shangazi alikuwa na hoja. Ushauri ule wa ng'ambo umeandikiwa kuku wa dukani, ambaye amekwisha nyonyolewa, kupasuliwa na kusafishwa. Jogoo wetu alikuwa na damu shingoni na vinyoya mabawani, na hata matumbo hayakuwa yametolewa. Huyo haingii sufuriani jinsi alivyo, wala hakuna mzee atakayekubali. Lakini sikuwa namkataza kumsafisha. Nilikuwa namwomba asimsafishie hapo. Nikamwonyesha mjukuu wake wa mwaka mmoja, aliyekuwa akitambaa karibu na sinki na kutia mdomoni kila alichookota. Shangazi amelea watoto saba, hakuhitaji mhadhara. Alichukua beseni akatoka nje.

Huko alimtoa matumbo kwa uangalifu yasipasuke, kwa maana ndimo viini vilimojaa, akaipasua na kuisafisha firigisi, kisha akamsugua jogoo taratibu ndani ya maji yaliyotulia, bila kumwagia maji kwa nguvu. Maji machafu yalimiminwa chooni polepole. Beseni na kisu vikaoshwa kwa sabuni na maji moto kabla ya kurudi ndani, na mikono pia. Jogoo alipikwa, na firigisi ikaenda kwa aliyestahili. Tangu siku hiyo ni shangazi anayewafukuza watu jikoni mwangu wakiingia na mikono michafu.

Sikumtaja mtoto yule ili kumtisha mzee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani kwa sababu ya chakula kichafu, na watu 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtu mzima aweza kuendesha siku mbili na kurudi kazini. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mzee hawana nguvu hiyo.

Sasa tuje kwa yanayowezekana. Mengi hayahitaji pesa, yanahitaji mpango tu. Anza na kachumbari. Kata nyanya na vitunguu vyako kwanza, funika, weka mbali, ndipo umguse kuku. Mwanafunzi mwenye kisu kimoja na ubao mmoja hana haja ya kununua vya pili; abadilishe tu mpangilio wa kazi.

Kabla ya kumfungua kuku, weka tayari kila utakachohitaji: chumvi kwenye kijiko, sufuria wazi, sabuni karibu. Mkono ukishamshika kuku, usishike mkebe wa chumvi, mlango wa friji, mfereji wala simu. Mwambie mtu akumiminie maji, nawe usugue mikono kwa sabuni kwa muda wa sekunde 20, pamoja na kucha na katikati ya vidole. Na kama mtaani kwenu maji huja kwa mgao na umebakiwa na jerikeni moja, usiyamalize kwa kumwosha kuku wa dukani aliyekwisha safishwa. Yaweke maji hayo ya kunawa mikono.

Ubao na kisu vioshwe kwa maji moto na sabuni. Ukiwa na dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kimoja kikubwa katika lita 4 za maji chatosha kuua viini vilivyobaki. Kisha kitazame kile kitambaa cha jikoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo ni kweli tupu: kitambaa kilichofuta damu ya kuku mezani ndicho hicho hicho kinachofuta sahani za kulia. Kitenge, na ukichemshe.

Mwenye friji amweke kuku mbichi sehemu ya chini kabisa, katika bakuli lililofunikwa, asidondoshee vyakula vingine. Asikae humo zaidi ya siku mbili bila kugandishwa. Baridi haiui viini, huvilaza tu. Kwa hivyo kuku aliyeganda asiachwe mezani usiku kucha ayeyuke. Ayeyukie ndani ya friji, au katika mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30. Asiye na friji anunue siku ya kupika na afululize nyumbani, kwani kuku hafai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na penye joto la kupita nyuzi 32, saa moja tu. Vivyo hivyo kwa yaliyobaki baada ya mlo. Na mnapochoma nyama nje na marafiki, sahani iliyobeba mbichi isirudi kubeba iliyoiva.

Pamoja na hayo yote mtoto akiendesha, mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kama ilivyoelezwa juu yake. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama au mtoto hakojoi, usingoje kesho, mpeleke hospitalini.

Mwisho, usiyaweke haya kichwani mwako peke yako. Anayeshika kuku nyumbani kwako labda ni yaya, labda ni kijana wako wa kidato cha pili, labda ni baba watoto siku anapojitolea kupika. Waite leo kabla chakula hakijaanza kutengenezwa, uwaonyeshe kwa vitendo: kachumbari kwanza, kuku baadaye, na sabuni kila mara.