Jinja: Mto Ulio Jirani

Mtoto wa Eastlands hulelewa akijua kwamba mto si wa kuchezea. Mto Nairobi hufika Gikomba na Shauri Moyo ukiwa umeshabeba uchafu wa jiji, na mzazi wa Dandora akisikia mwanawe ameonekana kingoni, fimbo iko karibu. Ndiyo maana nasema familia ya mitaa yetu ikijaliwa akiba kidogo, iende Jinja, Uganda.

Si mbali. Unapanda basi la usiku, mtu mzima anavuka mpaka wa Busia au Malaba kwa kitambulisho chake, na kabla ya kufika Kampala unashukia mji ambapo Nile inatoka Ziwa Victoria, ikianza mwendo wa maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Mediterania.

Asubuhi tuliyokwenda na familia yangu kushuka maporomoko kwa mashua ya mpira, Waholanzi na Waingereza walikuwa kingoni wakijipaka mafuta ya kukinga jua. Sisi majirani ndio tuliokuwa wachache. Nahodha, kijana Msoga, alikaza mikanda ya jaketi za kuelea hadi mama watoto akalalamika, kisha akatupa somo: ukitupwa majini, lala chali, miguu itangulie uendako mkondo, vidole vionekane juu.

Maporomoko hupangwa kwa madaraja, 1 hadi 6. La 6 watalii hawaliingii. Mnashuka na kulizunguka kwa miguu. La 5 linatosha kumkumbusha mtu sala zake. Mashua ya mpira iliruka kama matatu ya Umoja iliyovamia tuta, na kijana wetu akapiga kelele, "Mathe, shika kamba!" Mara maji yakatulia, vuguvugu, mdiria akipiga mbizi, na wageni tusiojuana majina tukawa tunagonganisha makasia kwa furaha. Watoto wadogo wana safari yao kwenye maji ya pole.

Lakini msikawie. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa 2012, lilifunika maporomoko yaliyokuwa fahari ya Jinja; la Isimba, 2019, likameza mengine huko chini. Yaliyobaki bado yananguruma, na mto unaolishwa na ziwa haukauki kiangazi. Shule zikifungwa Agosti, badala ya kwenda Mombasa tena, kateni tiketi ya kuelekea magharibi.