Kisu kimeniponza

Wadau, mnajua kwa nini wikiendi sionekani Mlimani? Niko Kariakoo, naangalia tangi la samaki wa maji chumvi la baba mdogo. Kasafiri mwezi mzima, kaniachia funguo.

Basi bwana, mawe yakaota anemoni wa kahawia, Aiptasia, wanaochoma matumbawe. Nikajifanya fundi, nikawakwangua kwa kisu. Kumbe kipande cha mguu kikibaki, kinaota mwingine! Watano, baada ya wiki mbili wakawa ishirini.

Jana nimenunua sindano duka la dawa, ndimu sokoni. Nimezima pampu, nikawadunga maji ya ndimu mmoja mmoja, kidogo kidogo. Wengi wamenywea.

Usiku baba mdogo kapiga: "Samaki wazima?" Wazima, baba. Ya kisu sijayasema.