Tunamjengea Nani?

Bunia ni mji wa Ituri, huku Kongo, ambao kodi za nyumba hupanda pale watu wengine wanapokimbia za kwao. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu bila kulisema mbele ya ndugu zangu, kwa kuwa ni kodi iliyonisomesha. Mwezi wa tano wa 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, makundi yenye silaha yakaugombea mji avenyu kwa avenyu. Kisha wakaja askari wa Ulaya wa Operesheni Artémis, MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikaongezwa nguvu, na mashirika ya misaada yakafuata nyuma yao. Wageni wote hao walihitaji pa kulala. Nyumba yenye ukuta wa matofali, lango la chuma na kisima ikawa mali kubwa kuliko duka. Wazazi wangu walihamia vyumba viwili vya uani, nyumba kubwa ikapangishwa, na kila mwezi baba alihesabu dola mezani huku mama akitaja kwa sauti majina ya shule zetu.

Sasa baba hayupo, na parseli yake, kiwanja cha kartie ya Mudzipela, iko mikononi mwetu. Yaya, mkubwa wetu, anataka tujenge flat: nyumba ndogo zenye samani, za kupangishwa kwa siku au kwa wiki. Hoja zake si nyepesi. Bunia hupokea watu wengi wa kupita. Kuna wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Albert na kuingilia Kasenyi, wanunuzi wa dhahabu wanaotoka Mongbwalu, wafanyakazi wa mashirika wanaoshukia uwanja wa Murongo, na ndugu zetu wa Kampala au Kinshasa wanaokuja kwa kilio au kwa harusi na hawataki kulala hotelini. Mtu wa namna hiyo anataka jiko, maji yanayotoka, taa usiku, na mahali salama pa kuegesha gari. Akivipata, hulipa bila kubishana.

Tuseme flat moja ni dola 30 kwa usiku. Ikijaa mwezi mzima, ni 900. Familia ya hapa mjini ikiipanga flat hiyohiyo kwa mwezi, tuseme italipa 200. Yaya huishia hapo, na mimi humwelewa, maana hesabu hiyo inapendeza machoni. Mimi huendelea kidogo. Usiku 7 tu unatosha kupita zile 200, ndiyo, lakini mlinzi na mama wa usafi hulipwa mgeni awepo asiwepo. Jenereta hunywa mafuta. Betri za sola huchoka, shuka na magodoro huchakaa, na komisyoneri aliyemleta mgeni hudai chake. Halafu mkoa hukata kodi ya mapato ya nyumba, ile IRL, juu ya pango lote lililoingia, si juu ya kile kilichobaki mfukoni baada ya gharama. Nikiviweka vyote hivyo kwenye karatasi, usiku unaohitajika huongezeka hadi 15, pengine zaidi, na ni nani atakayeniahidi wageni wa usiku 15 kila mwezi katika mji ambao barabara ya kwenda Mahagi inaweza kufungwa kwa mashambulizi ya asubuhi moja?

Yaya hunionyesha Goma. Baada ya lava ya Nyiragongo kuunguza sehemu kubwa ya mji Januari 2002, watu walijenga upya, na pale Himbi, kando ya Ziwa Kivu, zikainuka nyumba za fahari ambazo wapangaji wake wakubwa walikuwa mashirika na wageni wao. Kwa miaka mingi nami niliutazama mfano huo kwa wivu. Lakini tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wiki moja baadaye, tarehe 27, waasi wa M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, waliokuwa wakilipa kwa dola wakaondoka. Nyumba za Himbi hazikuwa na kosa lolote la ujenzi. Zilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake yenyewe humtaka awe tayari kuondoka.

Hata sisi wa Bunia tuliliona hilo kwa kipimo kidogo. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, timu za riposti, zilizokuja kupambana na ugonjwa, zilikodi nyumba na magari, na bei zikapanda hadi walimu wakahamia pembeni mwa mji. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tulimshukuru Mungu, na baadhi yetu, wenye nyumba, tulishukuru kwa moyo uliogawanyika. Sisemi kwamba ni dhambi kumpangishia daktari aliyekuja kutuokoa. Nasema tu kwamba pango linalotegemea msiba linamfundisha mwenye nyumba kuusikiliza msiba kwa namna ambayo si nzuri, na sijui kama mtu anaweza kuishi nalo miaka 20 bila kubadilika ndani.

Kabla ya tofali la kwanza, lipo suala la karatasi. Baba alituachia fishi ya kartie, yaani karatasi ya mtaa tu, na mashahidi, ambao wengi wao wameshafariki. Kwa sheria ya Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na anayejenga hupewa haki ya kuitumia, inayothibitishwa na sertifika ya usajili kutoka kwa konservateri, msajili wa ardhi. Bila sertifika, flat zetu zingesimama juu ya neno la watu. Kwa hiyo ni lazima tuitafute. Lakini sheria hiyohiyo husema sertifika ikipita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu mno kuiangusha tena, na katika Ituri kila mtu mzima anajua uzito wa kifungu hicho. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 vilichochewa na ugomvi wa mashamba, pale watu walipoona ardhi waliyoishi juu yake ikiingizwa katika karatasi za wengine. Ndiyo maana nimewaomba ndugu zangu kwamba siku ya kupima parseli tuwaite majirani wa pande zote nne, mipaka iwekwe mbele ya macho yao, na mwenye neno alitoe hapohapo, hata kama litatuchelewesha mwaka mzima.

Na kuna uani. Katika vile vyumba viwili walivyohamia wazazi wangu anaishi mama mmoja na watoto wake, waliokimbia upande wa Djugu vita vilipoanza tena mwishoni mwa 2017. Hulipa kidogo, na kuna miezi ambayo hailipiki. Mchoro wa Yaya unaweka maegesho ya magari mahali pale. Yaya si mtu mgumu. Amesema atawatafutia chumba katika kartie ya Nyakasanza na kulipa garanti yake, ile dhamana ya pango. Sheria ya mwisho wa 2015 inataka garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, lakini wengi wetu wenye nyumba huomba zaidi, na mama huyo hana hata ya mmoja. Kila nikiuangalia mchoro ule, macho hukimbilia kwanza kona hiyo, kisha hurudi kwenye zile 900, na siwezi kudai kwamba 900 hazinivuti.

Mawazo yangu siku hizi yanaelekea kwa wapangaji wa kudumu: muuguzi, mwalimu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia au wa ISP, chuo cha ualimu. Pango lao ni dogo na huchelewa, hasa mshahara wa Serikali ukichelewa. Lakini vita vikizuka, wana sababu zaidi ya kurudi kuliko mgeni, kwa kuwa mji huu ni wao. Yaya anasema nawapamba, kwamba mwalimu asiyelipwa miezi minne ni hasara kamili, na kwamba huruma yangu haitanunua saruji. Sijaweza kumjibu kwa hesabu. Labda yuko sahihi.

Tulichokubaliana mpaka sasa ni kidogo: sertifika kwanza, kisha flat moja ya wageni upande wa barabarani na vyumba vitatu vya wapangaji wa mwezi nyuma yake, uani usiguswe kabla ya mwaka kupita. Saruji na mabati hutufikia kutoka Uganda, kwa hiyo bei ya msingi itategemea hali ya barabara. Mama yetu, ambaye bado ana sauti kuliko sisi sote, anataka mchoro uchorwe upya na vyumba vya uani viandikwe humo kwa majina ya watu wanaokaa ndani yake, na Yaya bado hajasema ndiyo.