Ufunguo wa skuli usiku uko kwa nani?

Usiku mmoja mwanzoni mwa Mei 2024, mama mmoja wa Mji Mkongwe alikuwa amekaa na simu mkononi, watoto wake watatu wamelala kitanda kimoja. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaisogelea pwani ya Tanzania. Boti za Dar es Salaam zilisimamishwa na baba wa watoto akakwama huko huko. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na tahadhari ile ile: kaeni ndani, msiende baharini, fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mwanawe wa miaka tisa, ambaye kumbe hakuwa amelala, akamuuliza: "Mama, nyumba ikianguka tunakwenda wapi?"

Hakuwa na jibu. Akamwambia alale.

Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika nchi kavu karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Barazani wazee wakasema walijua tu, Unguja haipigwi na kimbunga. Hilo si kweli. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu.

Na swali la mtoto halikuhusu kimbunga peke yake. Nyumba yao ni ya mawe na chokaa, ya zamani, na mvua ikinyesha siku tatu kuta hunywa maji mpaka zikabadilika rangi. Ukuta ulioshiba maji huwa mzito huku chokaa inalegea. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafariki. "Kaeni ndani" ni ushauri mzuri kwa mwenye nyumba imara.

Wiki iliyofuata akaanza kuutafuta mpango wenyewe. Kwenye simu alikuta kwamba Zanzibar ina sheria ya maafa ya mwaka 2015, ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na kwamba kamati zinatakiwa kushuka mpaka ngazi ya shehia. Alisoma kurasa nyingi, kubwa yake zikieleza nani anaripoti kwa nani. Hakukuwa na mstari uliomwambia abishe mlango gani saa nane za usiku. Mipango kama hii huandikwa kwa ajili ya maofisa, na kwenye karatasi ya ofisa hakuna bibi wa kubebwa.

Ofisi moja aliyokwenda ilimtaka alete barua. Alipoileta, mhusika hakuwepo. Ndipo akaenda kwa sheha, jambo ambalo pengine angelifanya mwanzo.

"Watu hupelekwa skuli, mwanangu," sheha alimwambia, akaitaja.

"Na ufunguo usiku uko kwa nani?"

Sheha akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Hilo hajaniuliza mtu."

Akapiga simu pale pale. Funguo zilikuwa mbili: mmoja kwa mwalimu mkuu anayekaa Fuoni, wa pili kwa mlinzi. Na mlinzi alikuwa nao wa geti tu. Vyoo vilifungwa kwa kufuli jingine, na ufunguo wake alikuwa nao mwalimu mmoja aliyekuwa likizo Pemba. Bila choo na maji, skuli iliyojaa watu haikai siku mbili kabla ya kuharisha kuanza, na Zanzibar inakijua kipindupindu. Sheha akaandika majina na namba zote kwenye daftari, naye mama akapiga picha ukurasa ule.

Ijumaa baada ya Alasiri akafanya jambo lililowachekesha majirani: aliitembea njia. Peke yake alitumia dakika tisa. Kisha akarudi kuwachukua watoto na mama mkwe, mwenye kisukari na magoti mabovu. Gari haliingii kwenye vichochoro vile, na mkokoteni ulikwama kwenye kona ya pili. Uchochoro wa mkato unapita chini ya ukuta uliokwisha kuegemezwa kwa boriti, kwa hiyo ikabidi wazunguke. Bibi alipumzika kwenye baraza tatu. Mwisho vijana wawili wa jirani wakamnyanyua juu ya kiti cha plastiki, akilalamika kwamba wanambeba kama bibi harusi. Walifika baada ya dakika 34.

Tofauti ile ndiyo iliyomfundisha zaidi kuliko kurasa zote alizosoma. Mwenye dakika tisa anaweza kungoja tangazo. Mwenye dakika 34 anatakiwa aondoke mchana, mvua ikiwa bado ndogo, hata kama watu watamcheka tena.

Siku hizi nyuma ya mlango kuna mfuko uliotundikwa juu, mbali na mikono ya mdogo. Ndani kuna pampu ya pumu ya mtoto wa pili, nakala za vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, tochi na karatasi yenye namba za simu, kwa sababu simu huzima chaji. Insulini ya bibi haikai humo, inabaki kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumbani kwa takriban wiki nne, si jua wala joto kali, kwa hiyo kazi ya kuikumbuka wakati wa kutoka amepewa yule wa miaka tisa. Vijana wa kiti nao wanajua kwamba wao ndio wabebaji, na mmoja ameshaomba alipwe kwa urojo.

Masika yaliyofuata alipita tena skuli. Kufuli la geti lilikuwa jipya, na mlinzi pia. Akamwomba namba yake, akaiandika juu ya ile ya zamani, kisha akaenda kumwambia sheha.