Abiria si Shehena: Safari za Mashua Kisiwani Lamu

Wengi wetu tumelelewa tukisikia tanga likipigwa na upepo, lakini tukipanda mashua hukaa kimya, tukapakata watoto na kumwachia nahodha kila jambo. Hivyo ndivyo twendavyo harusini Matondoni, hitimani Shela na mazishini Siyu. Anayekijua chombo hutulia, na utulivu wa mama huokoa watoto.

Tuanze na majina. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na chini yanapokusanyika maji ni ngama. Ndipo wahenga wakanena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkuku ni mti mrefu wa chini unaobeba mataruma, yaani mbavu za chombo. Mlingoti husimama, foromali hulichukua tanga, na henza ni kamba ya kulitwekea. Nahodha hushika kana apate kuugeuza usukani, naye baharia hushika demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Upande utokako upepo ni upande wa joshi. Upande wa pili ni wa demani. Matondoni, ambako vyombo vingali vikiundwa kwa mkono, mtoto aweza kuonyeshwa haya yote chombo kikiwa juu ya nchi kavu.

Upepo nao una majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na Kusi takriban Aprili hadi Septemba. Wakati wa Kusi, mashua itokayo Mji wa Lamu kwenda Shela hukabiliwa na upepo. Haiwezi kwenda moja kwa moja. Hubisha, ikishika upande wa Manda, kisha ikarudi upande wa Lamu, hadi ifike. Kila igeuzwapo, tanga na foromali huhamishwa upande wa pili wa mlingoti. Hapo abiria huinamisha vichwa, huweka mikono mbali na kamba, na huhama pale nahodha asemapo. Mabaharia huegemea upande wa joshi, na mifuko ya mchanga iliyo farumi huhamishwa, ili chombo kisilale mno. Upepo ukija kwa kishindo, baharia hulegeza demani. Tanga hupoteza nguvu na chombo huinuka. Mwenye kulijua hilo hapigi kelele tanga linapopapatika.

Maji pia yana hesabu, na hesabu hiyo kina mama twaijua pasipo kujijua. Anayefunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, hufunga wakati bamvua inapokaribia au imekwisha kuingia: maji hujaa sana, kisha yakapwa sana. Ndivyo yawavyo pia mwezi unapoandama. Siku za katikati ni za maji mafu. Kwa aendaye Pate kwa njia ya Mkanda, mlango mwembamba ulio baina ya Manda na bara, hesabu hii ni muhimu: akichelewa, maji hupwa na chombo kikapwelewa kati ya mikoko, pengine kwa saa kadhaa. Basi tuulize saa ya maji kabla ya kufunga mizigo.

Tuangalie pia kabla ya kuingia. Je, chombo kimejaa kupita kiasi? Kipo chombo cha kufulia maji? Zipo jaketi za uokoaji zitoshazo, na za watoto zipo? Jaketi si mto wa kukalia. Huvaliwa juu ya buibui na kufungwa barabara, hata kama vazi la harusi litakunjika. Mtoto hufungiwa lake ufukweni, kabla hajapakiwa. Chombo kikiwa kimejaa, tusubiri kingine. Aliyechelewa karamuni hupata lawama ya siku moja.

Mtu akianguka majini, mmoja asimwondolee macho na amwonyeshe kwa mkono, mwingine amtupie boya au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Chombo kikipinduka, tukishikilie ubavuni: mashua ya mbao mara nyingi huendelea kuelea, nayo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo.

Elimu hii haitupi ruhusa ya kumwamrisha nahodha katikati ya mlango wa bahari, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maswali yetu ni ya gatini, tungali tumesimama juu ya mawe. Tukishapanda, tusome dua ya safari, tukaze kamba za jaketi, kisha tuwaonyeshe watoto ipi ni henza na ipi ni demani.